UZI: Pat Summitt dhidi ya Geno Auriemma, nani alimhitaji mwenzake zaidi?

Mzee wa Kikapu

Wakuu, salaam. Kule kwenye uzi wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, kuna mtu kaandika kwamba Pat Summitt "alimkimbia" Geno Auriemma mwaka 2007, timu yake ilipoacha kucheza na ya Geno. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikaona bora nifungue wa kwangu.

Kwa wageni: tunaongelea kikapu cha wanawake cha vyuo vya Marekani, Tennessee kwa upande mmoja na Connecticut, au UConn, kwa upande wa pili. Makocha wawili, Pat wa Tennessee na Geno wa UConn, mechi 22, kuanzia Januari 1995 hadi Januari 2007. Geno kashinda 13, Pat 9. Kwenye fainali ya ubingwa wamekutana mara nne, yaani 1995, 2000, 2003 na 2004, na zote nne kabeba Geno. Ukiishia hapo utaona kweli mama alichoka kupigwa akatafuta mlango.

Mimi nasema Pat ndiye aliyetandika jamvi. Alimkaribisha Geno akiwa juu yeye, hana anachokidai kwa mtu, na ametandika akijua linaweza kumgharimu. Alipoona basi, akalikunja. Nitaeleza polepole, msinikate kauli.

Mzee wa Kikapu

Tuanze na Pat, maana vijana wengi wanamjua Geno tu.

Kazaliwa Juni 1952 huko Clarksville, Tennessee, akalelewa shambani: tumbaku, ng'ombe wa kukamua, na usiku anacheza kikapu na kaka zake juu kwenye dari la ghala la majani ya mifugo. Sekondari ya eneo lao haikuwa na timu ya wasichana, wazazi wakahamia Henrietta ili binti yao apate kucheza. Sasa mwaka 1974, ana miaka 22, anakabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Mshahara dola 250 kwa mwezi. Gari la timu analiendesha mwenyewe, jezi anafua mwenyewe. Na bado mwenyewe ni mchezaji: mwaka 1976 yuko Montreal na timu ya taifa ya Marekani, karudi na medali ya fedha. Mwaka 1984 pale Los Angeles ndiye kocha mkuu, dhahabu.

Mnaosema alikuwa mkali, mko sahihi. Ana macho ya bluu ambayo wachezaji wake waliyaogopa kuliko kelele. Darasani mchezaji wake anakaa safu tatu za mbele, na kutega kipindi ni marufuku. Lakini tazama matokeo: kila aliyemaliza miaka yake ya kucheza chini ya Pat pale Tennessee aliondoka na shahada. Kila mmoja. Miaka 38.

Kufikia mwisho wa 1994 ana ubingwa mara tatu, 1987, 1989 na 1991. Kwenye mchezo huu yeye ndiye mkubwa.

Geno jina lake la kuzaliwa ni Luigi. Katokea Montella, mji mdogo wa milimani kusini mwa Italia, 1954. Familia ikahamia Norristown, Pennsylvania, akiwa na miaka saba, hajui neno la Kiingereza. UConn walimpa kazi mwaka 1985, na kabla yake timu ile ilikuwa na msimu mmoja tu katika historia yake ambao ilishinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza. Mmoja! Chuo kipo Storrs, mashambani tu, wala mji si mji. Alianza na Chris Dailey kama msaidizi, na huyo mama yuko naye mpaka leo.

Pat maneno machache. Geno mdomo haufungi, kila kikao na waandishi kwake ni kijiwe. Ndiyo maana utamu ulikuwa mwingi.

Kijana wa Upanga

Nimeweka kambi hapa. Ila mzee, UConn sisi Wabongo tunaijua kupitia Hasheem Thabeet. Huyo mama nilikuwa simjui kabisa.

Mzee wa Kikapu

Na Thabeet yumo kwenye hadithi hii kwa pembeni. Alifika UConn 2006 na kuondoka 2009, kuitwa wa pili kwenye drafti ya NBA, pale timu za kulipwa zinapochagua wachezaji wapya. Maana yake mechi ya mwisho ya Pat na Geno ilipochezwa Hartford, uwanja wa pili wa UConn, Januari 2007, kijana wa Dar yuko mwaka wa kwanza chuoni hapo hapo. Na msimu wake wa mwisho, wanaume walifika nne bora wakaishia nusu fainali, wanawake wa Geno wakamaliza msimu 39 kwa 0, yaani ushindi 39 bila kipigo, na kombe. Kwenye chuo kile wanaume ndio walikuwa wanaomba kulinganishwa na dada zao.

Turudi Januari 1995.

ESPN, televisheni ya michezo ya Marekani, walikuwa wanatafuta mechi kubwa ya wanawake ya kuonyesha mchana wa sikukuu ya Martin Luther King, Jumatatu tarehe 16. UConn wako tayari, nyumbani kwao Storrs. Mpinzani hana. Mama mmoja wa ESPN anaitwa Carol Stiff akampigia Pat. Angalia hali ya Pat siku hiyo: ni namba moja nchini, hajafungwa, Jumamosi yake ana mechi ngumu ya ligi dhidi ya Auburn, na anaombwa asafiri hadi kaskazini kwenye baridi, siku mbili baadaye, kucheza na timu ya pili kwa ubora ambayo nayo haijafungwa, kwenye uwanja wao, mbele ya mashabiki wao. Hakuna kocha mwenye akili za kawaida anayekubali. Yeye alikubali, akasema ni kwa faida ya mchezo.

Akapigwa 77 kwa 66.

Waliokuwa wanapiga kura za ubora wa timu waliambiwa wasubiri mechi iishe ndipo wapige. Jioni ile UConn ikawa namba moja kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kiti cha Geno, kile cha kwanza kabisa, kilitoka kwenye mkono wa Pat. Angesema tu "ratiba imebana", nani angemlaumu?

Chuma cha Reli

Mimi ndiye niliyeandika "alikimbia", na sifuti. Mleta mada unapamba. Alikubali mechi ile kwa sababu alidhani atashinda. Mkubwa yeyote anakubali mechi anayodhani atashinda. Alipoanza kupigwa mfululizo, ndipo "faida ya mchezo" ikaisha. Tuache mapenzi.

Mzee wa Kikapu

Chuma, tulia, na wewe nitakufikia. Kwanza nimalize miaka ya tisini, maana kuna mchezaji mmoja ambaye ukimfuata yeye tu unaupata upinzani wote: Michelle Marciniak.

Septemba 1990. Pat ana mimba iliyofika. Kuna binti Pennsylvania, mlinzi mkali sana, kila chuo kinamtaka. Pat anapanda ndege ya chuo, anakwenda hadi sebuleni kwa wazazi wa Marciniak kumwaga sera. Chupa inavunjika akiwa kule. Mtu mwingine angeomba hospitali ya jirani. Yeye anarudi kwenye ndege, anataka mtoto azaliwe Tennessee. Njiani rubani anaona hali si hali, anashauri watue Virginia. Mama anakataa katakata, kwa sababu msimu uliopita Virginia ndio waliowatoa Tennessee kwenye robo fainali! Uchungu juu angani, na bado anakumbuka nani alimfunga. Walifika Knoxville, mji wa chuo cha Tennessee, Tyler akazaliwa salama, mtoto wake wa pekee.

Na Marciniak baada ya yote hayo akachagua Notre Dame. (Mimi ningemwekea kinyongo maisha.) Mwaka mmoja tu akahama, akaenda kwa Pat.

Sasa ruka hadi Aprili 2, 1995, Minneapolis, fainali. UConn hawajafungwa msimu mzima. Rebecca Lobo, nyota wao, kapata faulo tatu kipindi cha kwanza na kakalishwa benchi, Tennessee wanaenda mapumziko wakiongoza 38 kwa 32. Kipindi cha pili Lobo anarudi na moto wake. Dakika mbili hivi zimebaki, 61 kwa 61. Jen Rizzotti, mlinzi mfupi wa UConn, anadaka ribaundi na haangalii wa kumpasia. Anakimbia uwanja mzima na mpira, mbele yake kabaki Marciniak. Rizzotti anaubadilisha mpira mkono, Marciniak anapelekwa kule, Rizzotti anapita huku, anaweka kwa mkono wa kushoto. 63 kwa 61. Tennessee hawakuongoza tena. 70 kwa 64, UConn 35 kwa 0, kombe la kwanza la Geno.

Msimu uliofuata, Januari 1996, UConn wanakwenda Knoxville na kuvunja rekodi ya Tennessee ya kushinda mechi 69 mfululizo nyumbani. 59 kwa 53. Hiyo ni mara ya tatu mfululizo, Pat hajaonja. Halafu Machi wanakutana nusu fainali Charlotte. Sekunde za mwisho Nykesha Sales wa UConn anapiga tatu ya kusawazisha, dakika za nyongeza. Hapo ndipo timu nyingi zingekatika. Tennessee wakashinda 88 kwa 83, siku mbili baadaye wakawachapa Georgia, kombe. Na mchezaji bora wa hatua ile ya nne bora ni nani? Marciniak. Yule yule aliyeachwa amesimama mwaka mmoja nyuma.

Dada wa Ribaundi

Nakazia hapo kwa Marciniak. Mimi nimecheza kikapu kuanzia sekondari hadi klabu, nafasi ya mlinzi. Mtu akikupita hivyo kwenye fainali, ile picha unalala nayo. Kocha wa aina nyingine angekutafutia wa kukubadilisha kimya kimya. Pat alimbana kila siku mazoezini lakini mpira akamwachia yeye. Hiyo watu wanaitazama kama ukali, mimi naiita imani.

Kaka Mzee wa Kikapu, usisahau na 1997, maana ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mzee wa Kikapu

Sisahau, dada. 1997 Tennessee walikuwa wabovu kwa kiwango chao. Wamepoteza mechi kumi msimu ule, UConn wakiwemo kati ya waliowafunga. Fika robo fainali, wanakutana tena na UConn, ambao hawajafungwa hata mara moja, 33 kwa 0. Kila mtu keshaandika matokeo. Tennessee 91, UConn 81. Wakaenda wakachukua kombe wakiwa na vipigo kumi mgongoni.

Halafu 1998 ikaja ile timu ya Chamique Holdsclaw, Tamika Catchings na Semeka Randall, 39 kwa 0. Makombe matatu mfululizo. Kwa hiyo Chuma cha Reli, mpigwaji wako huyo, kuanzia Machi 1996 mpaka mwanzoni mwa 1999, kamfunga Geno mara nne katika mechi tano. Weka hiyo pembeni.

Mwaka 1999 pale Storrs chuki ya mashabiki ilifika kileleni. Randall na Svetlana Abrosimova wa UConn waligombania mpira sakafuni, kukatokea kusukumana, na kuanzia hapo uwanja mzima ukawa unamzomea Randall kila akigusa mpira. Tennessee wakashinda 92 kwa 81 na Randall akapewa jina la utani "Boo", ile sauti ya kuzomea. Mwaka uliofuata karudi uwanja ule ule, sekunde za mwisho, timu yake iko nyuma kwa pointi moja, katupia, ndani. 72 kwa 71. Ndiyo mechi pekee UConn waliyopoteza msimu mzima wa 2000.

Kijana wa Upanga

Eeeh! Walimzomea wakampa motisha 😂

Chuma cha Reli

Mbona umeishia hapo? Endelea. Fainali ya 2000 ikawaje?

Mzee wa Kikapu

71 kwa 52, UConn, Philadelphia, pua na mdomo na kwao Geno. Tennessee walifungwa vibaya, sifichi. Tukiwa hapo nimalize na vipigo vingine ufurahi. 2002 nusu fainali, 79 kwa 56, ile timu ya UConn ya Sue Bird, Taurasi, Swin Cash, ambayo mpaka kesho sijaona nyingine ya kuifikia. 2003 fainali Atlanta, 73 kwa 68. 2004 fainali New Orleans, 70 kwa 61, siku moja tu baada ya wanaume wa UConn kuchukua la kwao. Diana Taurasi alikuwa mateso. Januari 2003 pale Hartford alitupia kutoka katikati ya uwanja wakati filimbi ya mapumziko inalia, ukaingia, na mwisho wa siku UConn wakashinda kwa pointi moja katika dakika za nyongeza. Kwa Taurasi Pat hakuwa na dawa, na sidhani kama kuna aliyekuwa nayo.

Hiki kipindi ndicho ambacho maneno nayo yalikuwa mengi. Mwaka 2003 Pat alikwenda kujifunza mbinu za kushambulia kutoka kwa Harry Perretta wa Villanova, rafiki wa Geno wa siku nyingi. Hebu fikiria: kocha mwenye makombe sita, kashinda kila kitu, anabeba daftari kwenda kufundishwa na kocha wa chuo ambacho timu yake ya wanawake haijawahi kufika nne bora ya NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo. Geno badala ya kunyamaza akaanza utani kwamba rafiki yake kamtelekeza kwenda kwenye himaya ya uovu. Neno likashika, magazeti yakalifanya wimbo. Yeye anasema ni utani wa Philadelphia. Pat katoka kwenye shamba la tumbaku, utani wa hivyo hakulelewa nao.

Nawaambieni, nadhani mambo yaliharibika pale zaidi ya kwenye ubao wa matokeo.

Mgeni Njoo

Kwa hiyo hawakuwahi kuwa marafiki?

Mzee wa Kikapu

Mwanzoni walisalimiana vizuri tu, kila mmoja akijua mwenzake anamjazia uwanja. Ukaribu wa kukaa meza moja, hapana.

Sasa Chuma, nakuja kwako. Juni 2007 Tennessee wanatangaza hawatasaini tena mkataba wa mechi ya kila mwaka na UConn. Pat hakutoa sababu hadharani. Wewe unasema alikimbia kipigo. Haya, tuangalie mechi tatu za mwisho kabla ya tangazo. Januari 2005 Hartford, Tennessee 68 kwa 67. Januari 2006 Knoxville, Tennessee 89 kwa 80, watu 24,653 uwanjani; nenda katafute ni mechi ngapi za kikapu cha wanawake zimewahi kupata hao. Januari 6, 2007 Hartford, Tennessee 70 kwa 64, Candace Parker kadanki mbele ya mashabiki wa UConn. Tatu mfululizo zake. Miezi mitatu baadaye kachukua kombe la saba Cleveland. Ndiyo katangaza.

Nani anakimbia akiwa ameshinda tatu mfululizo na kombe liko kabatini?

Chuma cha Reli

Maya Moore.

Umeruka makusudi. Binti wa Georgia, kusini kabisa, eneo ambalo Tennessee walizoea kuchota wachezaji. Kamwacha Pat, kaenda Connecticut. Tennessee wakapeleka malalamiko kwamba UConn wamemsajili kinyume cha taratibu. Mechi ikafutwa. Huko ni kununa tu, mkuu. Umenyang'anywa mchumba, unafuta na urafiki. Na Moore alipomaliza UConn alikuwa kashinda mechi 150 na kupoteza 4. Pat aliona kinachokuja, akajitoa mapema. Akili, sawa, lakini ni kukimbia.

Mzee wa Kikapu

Hapo umeleta hoja, nakupa heshima yake. Tuiweke kama ilivyo. Tennessee walilalamika kupitia ligi yao ya SEC. Kilichothibitika ni kwamba watu wa UConn walisaidia kumpangia Moore ziara ya studio za ESPN, Bristol, ambazo ziko jimbo hilo hilo la Connecticut. NCAA ikasema ni kosa la daraja la chini. Kwa watu wengi hiyo ni kelele ya bure, ziara ya studio kitu gani? Kwa Pat haikuwa hivyo. Yule ni mtu aliyefukuza utoro wa darasani kwa miaka 38. Na aliyeona kwamba mechi aliyoikubali mwaka 1995 kwa ajili ya wote, imegeuka kuwa ESPN na UConn kukaa nyumba moja.

Geno yeye alifoka hadharani, akisema kama Pat anamtuhumu basi aseme wazi. Pat akafunga mdomo. Hakusema mpaka mwisho.

Kukasirika alikasirika, sibishi. Ila mwenye hasira na mwenye woga ni watu wawili tofauti. Hata sisi Machi 8, 2025 dabi ya Kariakoo iliota mbawa Simba walipogoma, na hakuna aliyesema Simba wanaogopa mpira. (Haya, wapo waliosema. Wa Yanga tusianze.)

Kijana wa Upanga

Hapo umewasha moto mwingine kabisa mzee 😂😂

Dada wa Ribaundi

Naomba niwaingilie wote wawili. Mnabishana Pat na Geno, hakuna anayewataja wachezaji.

Msimu wa 2007/08 Candace Parker yuko mwaka wake wa mwisho, Maya Moore yuko mwaka wa kwanza. Wote wawili dunia nzima inawataka. Mechi ya Januari ikawa imeshafutwa. Wakafika wote nne bora Tampa, pande tofauti za ratiba. Parker bega limechomoka siku chache nyuma, anacheza hivyo hivyo. Tennessee wanawatoa LSU 47 kwa 46 kwa kikapu cha Alexis Hornbuckle chini ya sekunde moja kabla ya filimbi. Watu wote tunajiandaa, fainali itakuwa Parker na Moore. UConn wanapigwa na Stanford. Basi. Tennessee wakawafunga Stanford, kombe la nane, na Parker na Moore hawakukutana hata mara moja vyuoni.

Mimi Pat nampenda, lakini hilo nalimlaumu. Mabinti wale wangepata mechi ambayo ingesimuliwa miaka hamsini. Hasira za wakubwa ziliwagharimu wao.

Chuma cha Reli

Dada umemaliza. Hata mimi hoja yako naikubali kuliko ya kwangu.

Mzee wa Kikapu

Dada, hapo sina jibu la kukupa. Kama kuna kitu kinachoniuma kwenye hadithi yote hii ni hiyo Tampa.

Nitasema moja tu la kumtetea. Angalia nani aliishi vizuri bila mwenzake. Geno baada ya 2007: 2009 na 2010 bila kufungwa, kisha manne mfululizo 2013 hadi 2016. Alishinda mechi 90 mfululizo, baadaye 111. Lakini watu walianza kulalamika kwamba UConn wanaharibu mchezo kwa kushinda sana, na yeye mwenyewe akawa analalamika kwamba watu wanalalamika! Hiyo hakuwa nayo enzi za Pat, maana aliposhinda alikuwa amemshinda mtu. Kwa kila kombe la Geno ambalo watu wanalisimulia kwa hamu, kuna Tennessee upande wa pili. Yale ambayo mechi imeisha tangu mapumziko hakuna anayeyafungulia uzi.

Pat makombe sita alichukua kabla Geno hajampita popote, na mawili ya mwisho bila kumhitaji. Ndiyo maana nikauliza kwenye kichwa cha uzi nani alimhitaji nani.

Mgeni Njoo

Na ugonjwa ulianza lini? Nilisikia alipoteza kumbukumbu.

Mzee wa Kikapu

Agosti 2011 alitangaza mwenyewe kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer unaoanza mapema, akiwa na miaka 59. Akafundisha msimu mmoja zaidi, wasaidizi wake wakiongozwa na Holly Warlick wakibeba sehemu kubwa, kisha Aprili 2012 akang'atuka. Mechi alizoshinda 1,098, alizopoteza 208. Kufariki ni Juni 28, 2016, miaka 64.

Alipoanzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa ule, Geno alitoa dola 10,000. Miaka minne walikuwa hawachezi, maneno yametupwa ya kutosha, na bado alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuchangia. Hiyo nampa maksi zote, bila masharti. Na mechi ziliporudi Januari 2020 pale Hartford, UConn wakashinda 60 kwa 45, ilikuwa ni kwa ajili ya kuuchangia mfuko huo huo. Kocha wa Tennessee siku ile ni Kellie Harper, aliyecheza kwenye ile timu ya makombe matatu.

Tennessee wenyewe wakangoja mpaka Februari 6, 2025 kuwafunga UConn tena, 80 kwa 76, Knoxville, kwenye sakafu iliyopewa jina la Pat. Tangu ile ya Parker 2007, miaka 18. Miezi miwili mbele Geno na nyota wake Paige Bueckers wakachukua kombe, la 12 kwa Geno. Mzee ana miaka 71 anakumbatiana na watoto waliozaliwa baada ya fainali ya mwisho ya Pat dhidi yake, ama karibu na hapo.

Nairobi Mtaani

Mzee, asante kwa uzi, nimeusoma wote nikiwa kwa matatu nikapitishwa steji yangu. Lakini sasa wa kumsumbua Geno ni Dawn Staley wa South Carolina. Huyo ndiye alimfunga fainali kwa mara ya kwanza, 2022, 64 kwa 49. Kabla ya hapo alikuwa hajawahi kupoteza fainali hata moja. Geno akalipiza 2025, 82 kwa 59. Na sisi Kenya tuna dada yetu Madina Okot aliyetoka Zetech akapitia Mississippi State, akaenda kwa Dawn. Hiyo mbona hujaigusa?

Mzee wa Kikapu

Ndugu yangu wa Nairobi, kwa makusudi. Ila nikuongezee moja: Dawn mwenyewe alikuwa mchezaji wa Virginia, na fainali ya 1991 alifungwa na Pat kwa dakika za nyongeza, 70 kwa 67. Virginia ile ile ambayo Pat hakutaka ndege itue. Na ndipo Geno alipokuwa kocha msaidizi kabla ya kwenda UConn.

Fungua wewe huo uzi wa Dawn na Geno, nitakuja kuchangia. Ya Okot mnayajua nyinyi vizuri zaidi.

Nairobi Mtaani

Sawa, nipe wikendi.

Chuma cha Reli

Mkifungua mnitag. Ya Dawn hapo hamna wa kuniambia kitu.